Mafuta Aliyoomba Nzilani

Kithyoko,
12 Januari 2025

Ndugu yangu Munyao,

Hamjambo huko Mlolongo? Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha kushukuru. Mwaitu, mama yetu, goti linamsumbua lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Juzi amemfukuza fundi wa paa kwa maneno matupu, bila hata kuinuka kitini. Ndengu zimekubali mwaka huu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, na ndama ni dume, kama kawaida ya bahati yetu. Akina mama wa kanisa wamenichagua tena kuwa mwenyekiti, ingawa niliwaambia waziwazi kwamba nimestaafu kufundisha na nimestaafu kugombana.

Utashangaa kupata barua ya mkono katika zama hizi. Nimekupigia simu hadi kidole kimechoka. Simu yako hupokewa na Peris, naye kila mara huniambia uko bafuni. Ni mtu gani huyu anayeoga asubuhi, adhuhuri na jioni? Kwa hiyo nakuandikia kupitia ofisini kwako, ambako mkeo hapokei kitu.

Nitaeleza kana kwamba hujui lolote, ili kesho usije ukasema hukuambiwa. Mwezi wa kumi na moja mawingu yalikaa juu yetu, na ile taa ya sola ya Nzilani ikakataa kuwaka. Mdogo wetu akaitoa koroboi yake ya zamani darini, akachukua chupa, akaenda dukani kwa Kiema kununua mafuta. Alisema, "Nipee mafuta." Kiema akamjazia chupa. Nzilani alikuwa na mafua, pua imeziba, hakunusa kitu. Akafika nyumbani, akajaza koroboi, akawasha kibiriti. Ilikuwa petroli.

Sasa yuko kwangu. Shingo imepona kwa makovu. Vidole vya mkono wa kushoto vimeshikana, daktari anasema watajaribu kuvitenganisha. Jiko liliteketea lote. Mwanawe Mutheu, namshukuru Mungu, alikuwa nje akifukuza kuku.

Lakini moto wa pili ndio unaoniwasha mimi. Unajua mama mkwe wake, Kalekye, na ulimi wake. Amemchukua Mutheu, amekataa kumrudisha. Anasema wiki ile Nzilani alikuwa amegombana na Rodgers, na mke anayegombana na mumewe kisha akanunua petroli hakuwa akitafuta mwanga, alikuwa akitafuta kuchoma nyumba. Na Rodgers, mume mzima mwenye ndevu, amekaa kimya nyuma ya gauni la mama yake. Mtoto wa miaka sita anaambiwa kila siku kwamba mama yake alitaka kumchoma.

Na Kiema? Kiema anasema hivi, tena kwa kiburi: "Aliniuliza mafuta, nikampa mafuta. Petroli si mafuta?"

Baada ya Pasaka wazee wa pande zote mbili watakaa, mwenyekiti akiwa Mzee Musembi. Hatumdai Kiema chochote. Hatulitaki duka lake. Tunataka aseme mbele ya watu kwamba alikosea jerikeni, Nzilani asafishwe jina na Mutheu arudi kwa mama yake. Basi.

Wewe ndiye mhariri wa kamusi katika ukoo huu. Ukitajwa, hata wazee waliolala huamka. Niandikie ukurasa mmoja tu, uweke sahihi: mwanamke wa Kithyoko akienda dukani na chupa, jua likizama, akisema anataka mafuta, anataka nini? Najua Kiema ni shemeji yako. Nilijua siku tuliyopeleka mbuzi kwao kumchumbia Peris. Lakini Nzilani tumetoka naye tumbo moja.

Mimi dadako,
Wayua


Mlolongo,
9 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Wayua,

Barua yako ilinifikia salama na nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimefurahi kusikia mwaitu bado ana nguvu za kufukuza mafundi. Sisi huku tuko, vumbi la machimbo linatula pamoja na mabati, lakini tuko. Watoto wamefungua shule. Peris anakusalimu sana, na anasema ng'ombe akizaa dume asilaumiwe ng'ombe.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tumo katika hatua za mwisho za kamusi na herufi M imetutoa jasho. Ni herufi yenye watu wengi.

Ombi lako limenifanya nichimbe, na nimeona mambo ambayo wewe kama mwalimu wa lugha utayafurahia. Neno petroli lilitujia kupitia Kiingereza, lakini asili yake ni Kilatini: petra, yaani mwamba, na oleum, yaani mafuta. Kwa hiyo petroli, tukilivua koti lake, maana yake ni mafuta ya mwamba. Ni petra ileile iliyompa Mtume Petro jina lake. Na hiyo oleum nayo ilitoka kwa Wayunani, ambao kwao ilikuwa mafuta ya zeituni. Unaona basi kwamba tangu kale mwanadamu amekuwa akichukua jina la mafuta ya chakula na kulihamishia kwa mafuta ya moto. Si Kithyoko peke yake.

Wamarekani wao husema gasolini. Wengi wanalitoa katika neno gesi, ambalo nalo linasemekana kutoka katika neno la Kiyunani la utupu uliokuwapo kabla ya kuumbwa kwa vitu. Wengine wanadai kuna mfanyabiashara aliyelibandika jina lake juu ya bidhaa. Wataalamu hawajakubaliana. Na parafini, yaani haya mafuta yetu ya taa, iliundwa na wanasayansi kwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kisicho na undugu mwingi, kwa sababu ilikuwa haipendi kuungana na vitu vingine. Ajabu, sivyo?

Kuhusu neno mafuta lenyewe, ni bahari pana, na nitahitaji muda zaidi ili nisikimbilie hitimisho. Mpe Nzilani pole zangu. Nilimtumia vitenge viwili laini visivyokwaruza shingo, nadhani alivipata.

Nduguyo mtiifu,
Munyao


Kithyoko,
20 Februari 2025

Munyao,

Mwaitu hajambo, ndama hajambo, ndengu tumezipura. Salamu zimekwisha.

Nimekuomba mafuta ukanipa mwamba! Nilikufundisha mwenyewe darasa la sita pale shuleni, ukiwa na kaptula iliyopasuka, kwamba mtahini akiuliza swali moja unajibu swali hilo moja. Nani alikuuliza habari za Walatini? Nani aliwaleta Wamarekani nyumbani kwangu? Nzilani hushindwa kufunga kifungo cha blauzi yake, mimi ndiye ninayemfungia, na wewe unanieleza utupu uliokuwapo kabla ya kuumbwa kwa vitu. Na umwache Mtume Petro. Hakuwa na duka.

Vitenge alivipata. Ni vizuri. Hakuuliza vitenge.

Hukulitaja jina la Kiema hata mara moja. Nimeisoma barua yako nikilitafuta jina hilo kama anayetafuta jiwe katika mchele. Umemtaja Petro, umewataja Wayunani, umemtaja mfanyabiashara wa Marekani aliyekufa. Huyu mfanyabiashara aliye hai, anayemwagia watu petroli hapa sokoni, umemruka.

Kama muda wako ni mfupi, nitakusaidia kuandika. Fungua Mathayo ishirini na tano. Wale wanawali wapumbavu waliwaambia wenzao nini? "Tupeni mafuta yenu kidogo, maana taa zetu zinazimika." Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni mwa mwaitu. Wapadri wameyahubiri, wachungaji wameyahubiri, na sijamsikia mtu hata mmoja akiinua mkono kanisani kuuliza kama walikuwa wakiomba petroli. Kila mtu alijua. Mtoto alijua. Mwenye taa akiomba mafuta, ni ya taa!

Na kwa lugha yetu ni vivyo hivyo. Sisi tunasema mauta. Mauta ya kupaka, mauta ya kupikia, mauta ya taa, kila moja linajulikana kwa aliyeshika nini mkononi. Nzilani alishika chupa. Hakushika usukani.

Umesema parafini maana yake ni kisicho na undugu. Asante kwa elimu hiyo. Nilikuwa natafuta jina la kukuita.

Nasubiri ukurasa wangu.

Wayua


Mlolongo,
30 Machi 2025

Dada yangu Wayua,

Habari za siku nyingi. Mvua huku imeanza kwa fujo na barabara ya kuingia kwetu imekuwa mto. Kijana wetu mkubwa alianguka kwenye matope akaja nyumbani bila kiatu kimoja. Peris ana homa kidogo, anazidi kupata nafuu. Natumaini mwaitu anapata dawa ya goti.

Barua yako iliniuma, na ulikusudia iniume. Sitabishana na mwalimu wangu kuhusu Mathayo. Lakini ngoja nikueleze ugumu wangu bila mizunguko, maana umenikataza mizunguko.

Kazi yetu ni kuandika jinsi watu wanavyosema, siyo jinsi tunavyotamani wangesema. Tumekusanya mazungumzo ya watu, sokoni, redioni, barabarani. Mimi mwenyewe naishi hapa Mlolongo, mji uliopewa jina kwa foleni ya malori. Toka nyumbani kwangu hadi barabara kuu hutasikia mtu akisema "petroli". "Weka mafuta." "Mafuta imepanda." "Gari imeishiwa mafuta." Na huko kwenu pia, tangu pikipiki zijae na sola ziingie, ni wangapi bado wananunua mafuta ya taa? Neno limehama, dada. Tulipopanga maana za neno hili kwa wingi wa matumizi, maana ya kwanza ikawa ile ya kuendesha mitambo. Ya kupikia ikawa ya pili, ya kujipaka ya tatu. Ya taa ikawa ya nne. Sikupanga mimi kwa chuki. Ndivyo ilivyo.

Nikikuandikia ukurasa usemao kwamba mafuta ni ya taa na si kingine, nitakuwa nimeandika uongo chini ya jina langu. Kamusi haina ndugu wala shemeji.

Nakusihi pia ufikirie amani. Kijiji ni kile kile, duka ni lile lile, na Nzilani ataishi hapo. Mambo mengine mtu humwachia Mungu.

Nakuombea Pasaka njema.

Munyao


Kithyoko,
28 Aprili 2025

Munyao,

Mwaitu ana homa ya hasira. Ndiyo habari ya familia.

Wazee walikaa juzi Jumamosi, kwa kina Rodgers, chini ya turubai. Naandika yote ili uyaone vizuri, kwa kuwa hukuja.

Kalekye alisema yake, kwamba mwanamke mwenye akili timamu hanunui petroli bila pikipiki. Mimi nikasimama nikasema yangu. Nilisoma Mathayo, na nikawaona wazee wakitikisa kichwa kukubali. Mzee Musembi akasema, "Hiyo maneno iko na uzito." Nilidhani tumefika, Munyao. Nilimtazama Nzilani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba alikuwa ameinua uso.

Ndipo Kiema akasimama akafungua simu. Akasema, "Wazee, mimi sina masomo mingi. Lakini niko na shemeji mwenye anaandika kamusi, na ni ndugu ya huyu mama. Hii ndio alinitumia Krismasi."

Krismasi! Kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kabla ya Walatini, kabla ya Wayunani, kabla ya bahari pana inayohitaji muda. Alisoma kwa sauti, na nililitambua kila neno, maana ni mtindo wako: "Mafuta. Maana ya kwanza: kiowevu kinachotumika kuendesha mitambo, kama vile petroli au dizeli." Halafu akasoma jina lako na cheo chako. Akaketi. Hakusoma maana ya pili, wala ya tatu, wala ya nne.

Mzee mmoja wa upande wao akasema, "Basi kama ni kitabu imesema, sisi ni nani?"

Nzilani aliomba kusema. Alisimama, akauficha mkono ndani ya leso. Akamwambia, "Kiema, mimi nimekuwa mteja yako tangu ufungue duka. Nishawahi kukuja na pikipiki?"

Kiema akatazama viatu vyake. "Siku hiyo watu walikuwa wengi."

"Sijakuuliza watu. Nimeuliza kama unanijua."

"Nakujua."

"Sasa ulidhani naenda kuendesha nini?"

Watu wengine walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuponza, kwa sababu Kalekye alipiga kelele kwamba tunafanya mchezo na nyumba ya mwanawe. Mzee Musembi akasema kitabu kimesema kilichosema, na mtu aliyeomba bila kufafanua amejiponza mwenyewe. Mutheu akae kwa bibi yake hadi wazee waone vingine. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ile. Nzilani alipomnyooshea mkono ule mzima, alirudi nyuma. Alimwogopa mama yake, Munyao. Wamemfundisha kumwogopa.

Wewe ulimpa Kiema kamusi, na mimi ukaniambia kamusi haina shemeji. Unafiki huu ulijifunza wapi? Si kwangu. Si kwa mwaitu, ambaye hajui kuandika hata jina lake lakini akisema ndiyo ni ndiyo. Ukaniandikia juu ya amani! Amani ya nani? Anayeungua akinyamaza, wengine ndio wanaopata amani.

Sasa nielewe vizuri. Sisemi kamusi yako ni ya uongo. Huenda watu elfu wa Mlolongo wanasema mafuta wakitaka dizeli. Lakini watu elfu wa Mlolongo hawakuingia dukani kwa Kiema jioni ile. Aliingia mmoja, na muuzaji alimjua kwa jina, alimjua mumewe, alimjua mtoto wake, na kazi ya muuzaji ni kujua mteja wake anataka nini. Neno lina maana nne, vyema. Mwenye duka ana mdomo wa kuuliza, "Ya nini?" Maneno mawili tu, na kina mama wote wa soko hili huyasema kila siku.

Sitaki jibu. Nitaitupa barua yako jikoni pamoja na kuni.

Wayua


Mlolongo,
11 Mei 2025

Dada Wayua,

Najua umesema hutaki jibu. Hili si jibu.

Barua yako niliibeba kutoka ofisini bila kukusudia, nikaiacha juu ya meza. Peris aliisoma. Aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Aliikunja, akanirudishia. Tangu siku hiyo analala katika chumba cha watoto.

Anakuja Kithyoko Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Ameshampigia Mzee Musembi mwenyewe, wazee wamekubali kukaa tena. Hajamwambia Kiema atasema nini, na mimi hajaniuliza nafikiri nini. Nakuomba umpokee. Kwenu siyo kwake, na kwao siku hiyo pengine hapatakuwa kwake pia.

Mimi sitaweza kufika. Kamusi inaenda kiwandani wiki hiyo hiyo na ni lazima niwepo kusoma kurasa za mwisho.

Mwambie mwaitu namsalimu.

Munyao


Kithyoko,
1 Juni 2025

Munyao,

Sikuwa na nia ya kukuandikia tena. Lakini haki ni haki, na kuna mtu nimemkosea kwa ulimi wangu mbele yako, kwa hiyo nitamsafisha mbele yako.

Peris alifika Ijumaa jioni. Nilimpokea kama ulivyoomba, yaani nilimpa chai na sikumpa maneno. Hakulalamika. Aliomba maji ya moto, akamwogesha Nzilani, akamfunga kitambaa cha kichwa. Mwaitu aliwatazama kutoka kitini, akaniambia kwa Kikamba nifunge mdomo, ingawa nilikuwa sijaufungua.

Jumamosi turubai lilikuwa lile lile na watu walikuwa mara mbili ya awali, maana habari za kikao husafiri kuliko mvua. Kiema alipomwona dada yake alitabasamu. Alidhani amekuja kumtetea! Alimvutia kiti karibu naye. Peris hakuketi.

Akasema, "Wazee, mimi sijui kamusi. Niko na kitu moja tu ya kusema. Ile siku ya moto, Kiema alinipigia simu jioni. Alikuwa analia. Watu walikuwa bado wanabeba maji."

Kiema akasema, "Peris."

"Wacha nimalize. Alilia kama mtoto. Akaniambia hivi, na ni maneno yake, siongezi: 'Peris, nimefanya kitu mbaya. Nimempa Nzilani petroli badala ya mauta.'"

Mzee Musembi akamwinamia. "Rudia, mama."

"Petroli badala ya mauta."

Munyao, sikuwa nimewahi kusikia maneno machache yakifanya kazi kubwa hivyo. Nilibeba Mathayo mzima nikashindwa. Kumbe Kiema mwenyewe, siku ile, kabla hajapata muda wa kujitetea, kabla hajakumbuka kwamba ana shemeji msomi, alijua petroli ni petroli na mafuta ni mafuta. Aliyatenganisha kwa mdomo wake mwenyewe. Kamusi aliitafuta baadaye, ili imsaidie kusahau.

Mzee Musembi akamuuliza, "Kiema, dada yako anasema uongo?" Akauliza mara ya pili. Kiema alijifunika uso kwa kofia, akasema, "Hasemi uongo. Jerikeni zilikuwa karibu karibu." Kisha akasema lile tulilolitafuta tangu mwanzo: "Aliniomba ya taa. Nilijua ni ya taa. Ni mimi nilikosea." Mama yao Peris aliinuka akaondoka bila kumwangalia binti yake. Peris aliona. Alibaki amesimama vile vile hadi watu walipomaliza, kisha akaenda nyuma ya nyumba akatapika, nami nikamshikia kichwa. Kwa hiyo yale yote niliyosema juu ya mkeo na simu nayafuta. Nimemwomba radhi uso kwa uso. Yeye alisema tu kwamba kweli alikuwa akidanganya kuhusu bafu, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwambia adanganye.

Mutheu yuko hapa. Kalekye alimleta mwenyewe kesho yake, na Rodgers akaja nyuma amebeba godoro, ameinamisha kichwa. Sikumsaidia kulibeba. Mtoto bado analala kwangu badala ya kwa mama yake. Jana alikubali kulishwa uji na mkono ule mzima. Hatumkimbizi.

Sasa nije kwako. Peris alipokuwa akieleza habari za simu ile, alisema kitu kingine, na alikisema polepole. Alisema, "Simu ilikuwa kwa spika. Tulikuwa wawili mezani."

Wawili.

Hakulitaja jina. Hakuna mzee aliyeuliza wa pili ni nani, kwa heshima ya mwaitu aliyekuwa ameketi pale mbele. Lakini mwaitu si kiziwi. Wala Nzilani si kiziwi. Basi ulilisikia neno hilo kwa masikio yako mwenyewe, wewe unayelipwa mshahara kusikiliza watu wanavyosema na kuandika walivyosema. Ulilisikia siku ile ile ya moto. Ukala chakula chako. Krismasi ikaja, ukamwandikia Kiema maana ya kwanza. Januari nikakuandikia mimi, Februari ukanijibu kwa Kilatini, Machi ukaniambia utakuwa umeandika uongo chini ya jina lako. Muda wote huo neno lilikuwa tumboni mwako, na mtoto wa Nzilani anafundishwa kumkimbia mama yake. Sina tusi la kukutosha. Nimefundisha lugha hii miaka yote ya utu uzima wangu na sina.

Mwaitu hajasema kitu juu yako tangu Jumamosi ile ya kikao. Ukimjua mwaitu, utajua hilo ni baya kiasi gani. Peris yuko bado huku, anasema atarudi Mlolongo kwa ajili ya watoto, baada ya hapo hajui.

Nilimuuliza Nzilani jana tukipepeta ndengu kama nikuandikie au niache. Aliokota kijiwe ungoni, akakitupa. Kisha akasema niandike, na niseme uje nyumbani, hakuna atakayekufukuza.

Hayo ni maneno yake. Nzilani anasema uje. Mimi sijasema.

Wayua